Maji na yoga: yanayosemwa mkekani, yanayotokea mwilini

Anayefanya yoga Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mwezi wa pili huloa jasho kabla raundi ya tatu ya salamu ya jua, ule mfuatano wa mikao ya kuanzia, haijaisha. Ndiyo maana ushauri kuhusu maji haukosekani: kunywa lita tatu, usionje hata tone, kunywa ya uvuguvugu, kamulia ndimu. Mwingi una chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi. Kinachosahaulika ni kwamba katika yoga, tofauti na mbio au mpira, tumbo linakunjwa, linapindwa na kugeuzwa juu chini. Saa unayokunywa ina uzito sawa na kiasi unachokunywa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Dhana: “Maliza chupa nzima kabla ya darasa, mwili uwe na akiba.”

Mwili hauna tangi la akiba. Maji yakizidi mahitaji, figo huyageuza mkojo ndani ya saa moja au mbili, na yale ambayo bado hayajatoka tumboni yanacheza humo unapoinama. Fikiria umeingia Uttanasana, mkao wa kuinama mbele ukiwa umesimama, paji la uso linaelekea magotini, na tumboni mna lita moja uliyoigugumia dakika kumi zilizopita. Mapaja yanalibana tumbo, na maji yanasukumwa juu kwenye mlango wake, yakibeba asidi. Ukisimama kwa kichwa, uzito wote wa maji unalalia upande wa koo. Hapo huja kucheua, kiungulia na kichefuchefu, na baadaye kibofu kinakuamsha katikati ya savasana, mapumziko ya mwisho ya kulala chali.

Mwongozo wa mwaka 2007 wa Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani unapendekeza mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito, takriban saa 4 kabla ya mazoezi. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni mililita 300 hadi 420, glasi moja na nusu hivi. Kama saa 2 kabla ya darasa hujapata mkojo, au umetoka wa rangi nzito, ongeza mililita 3 hadi 5 kwa kila kilo, ukinywa polepole. Nusu saa kabla, glasi ndogo isiyozidi mililita 200 inatosha. Kisha pitia chooni ndipo utandike mkeka. Wa darasa la alfajiri hawana saa nne za kusubiri: wanywe glasi moja mara wanapoamka, walipe deni baada ya mazoezi.

Dhana: “Usinywe chochote mkekani, utazima moto wa ndani.”

Wazo hili linatokana na mafundisho ya Kihindi kuhusu agni, moto wa mmeng’enyo, na utalisikia sana kwenye madarasa ya Ashtanga, yoga ya mikao inayofuatana kwa nguvu. Lina busara yake: anayekimbilia chupa kila baada ya mkao huvunja pumzi na umakini. Tena, kwa saa moja ya hatha ya taratibu kwenye chumba chenye upepo, mtu mzima mwenye afya hatadhurika akikaa bila kunywa.

Chumba cha joto ni habari nyingine. Darasa la Bikram, yoga ya chumba kilichopashwa moto, huchukua dakika 90 katika joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40. Pwani yetu mara nyingi haifiki joto hilo, lakini unyevu wa hewa huwa mkubwa zaidi, na unyevu ndio unaomponza mtu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka mkekani limepotea bure, na mwili hutoa jingine. Fungua madirisha, washa pangaboi, kisha kunywa mafunda matatu au manne, kama mililita 100, kila dakika 15 hadi 20. Chagua wakati umesimama au umeketi wima, si dakika moja kabla ya kupinda kiuno. Maji ya baridi hayazimi kitu: yanaupoza mwili kidogo, na tumbo huyapasha moto baada ya muda mfupi. Yakikuletea msokoto wa tumbo, kunywa ya mtungini.

Dhana: “Ukitoka jasho jingi umetoa sumu na umepungua.”

Jasho ni maji na chumvi, pamoja na vitu vingine kwa kiasi kidogo sana. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na figo zinahitaji maji ili ziifanye. Kilo iliyopungua kwenye mizani baada ya darasa ni maji vilevile. Itarudi ukishakunywa na kula. Kujifunga nailoni au kuvaa koti la plastiki ili utoke jasho zaidi ni hatari kweli, kwa sababu kunazuia jasho kukauka na joto la mwili hupanda bila breki.

Hata hivyo, mizani hiyo ndiyo kipimo bora ulicho nacho nyumbani. Jipime ukiwa umeshakojoa, na nguo chache iwezekanavyo. Fanya darasa lako, ukikumbuka ulichokunywa. Jifute jasho mpaka ukauke, vua nguo zilizoloa (jasho lililo kwenye fulana bado lina uzito), kisha jipime tena kabla ya kwenda chooni. Tuseme ulikuwa kilo 64.0, sasa ni 63.3, na katikati ulikunywa mililita 300. Umepoteza kilo 0.7, jumlisha lita 0.3: jasho lako ni lita moja kwa darasa hilo. Upungufu uliobaki ni asilimia 1.1 ya uzito wako, na hauna shida. Ukikuta umevuka asilimia 2, yaani karibu kilo 1.3 kwa mtu huyu, wakati ujao ongeza mafunda mkekani. Rudia kipimo mara tatu, siku ya joto na siku ya mawingu, nawe utakuwa na namba yako mwenyewe.

Dhana: “Glasi nane kwa siku, na ukisikia kiu umeshachelewa.”

Hakuna namba moja ya watu wote. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2010, ilitaja lita 2.0 kwa wanawake na 2.5 kwa wanaume, ikihesabu vinywaji pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula: uji, mchuzi, tikiti, chungwa. Chai na kahawa nazo zimo. Kafeini huongeza mkojo kidogo, lakini kwa aliyezoea, kikombe kinaongeza maji kuliko kinavyotoa. Kiu nayo ni kengele nzuri, kwa sababu huanza damu inapokolea kwa asilimia 1 au 2 tu. Wa kuwaangalia ni wazee, ambao kiu yao hufifia kadiri umri unavyosogea. Wao wanywe kwa ratiba.

Mkojo usaidie kukisia, ila si lazima uwe mweupe kama maji. Rangi ya majani makavu inatosha. Wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu, vitamini B huufanya wa njano kali, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa. Usiutazame ukiwa umeshachanganyika na maji ya choo, maana hapo kila mkojo unaonekana mwepesi.

Dhana: “Maji hayana madhara, ukisikia kizunguzungu, ongeza.”

Hii ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Figo zenye afya hutoa takriban lita moja kwa saa, si zaidi. Anayetoka jasho la chumvi kwa dakika 90 huku akimimina lita tatu za maji matupu huizimua sodiamu (madini ya chumvi) ya damu yake. Ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, seli huvimba, na za ubongo hazina nafasi ya kuvimbia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa na mwishowe degedege, na mwanzoni zinafanana sana na za upungufu wa maji. Mizani huzitenganisha: aliyezidisha maji huwa mzito kuliko alivyoingia. Mtu wa namna hiyo asiongezwe maji matupu. Akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

Kizunguzungu cha sekunde chache unapoinuka kutoka kwenye mkao wa kuinama ni kitu kingine. Damu imekawia miguuni na shinikizo limeshuka kwa muda. Piga magoti, inua kichwa mwisho, usubiri pumzi tatu. Kushikwa na misuli nako mara nyingi ni uchovu wa msuli wenyewe: unyooshe taratibu badala ya kutafuta chupa.

Dafu je? Ni kinywaji kizuri, lina potasiamu nyingi, lakini jasho hutoa sodiamu zaidi. Kwa darasa la saa moja, maji na mlo wa kawaida vinatosha. Kwa darasa refu la joto, changanya nyumbani: lita moja ya maji salama, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mezani vya sukari, ndimu moja. Onja. Ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni ya mtu anayehara. Ukilazimika kuitumia, ichanganye yote kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, usiigawe nusu kwenye chupa ndogo kwa kukisia.

Wenye ugonjwa wa moyo au figo, na wanaomeza vidonge vya presha vya kukojosha, wafuate kipimo cha daktari wao, si chetu. Wajawazito waache madarasa ya joto.

Dhana: “Ramadhani unaweza kunywa maji ya siku nzima wakati wa daku.”

Lita mbili za daku hutoka kwa mkojo kabla ya adhuhuri. Gawa maji kuanzia futari hadi daku, glasi moja kwa saa ukiwa macho, na daku lenyewe liwe na uji, matunda na chakula chenye chumvi kiasi, kwani chakula huyashika maji yakae. Yoga ya taratibu ifanye saa moja kabla ya magharibi, ukijua kinywaji kiko karibu. Ile ya kutoa jasho iache mpaka saa mbili baada ya futari nyepesi, sambusa zikiwa zimeshatulia tumboni.