Je, wajua kwa nini mchoro mashuhuri kuliko yote China hukaa gizani miaka na miaka?

Septemba 2015, Makumbusho ya Kasri ya Beijing, ambayo wenyeji huyaita Gugong, yaliadhimisha miaka 90 tangu kufunguliwa kwake kwa kuutandaza hadharani mchoro wa msanii Zhang Zeduan uitwao Qingming Shanghe Tu, unaoonyesha maisha ya kando ya mto na mjini. Lango lilipofunguliwa asubuhi, watu walitimua mbio kuwahi foleni, hata mbio hizo zikapewa jina: mbio za Gugong. Waliosimama kwa saa sita na zaidi walikuwa wengi, na wapo waliotoka ukumbini usiku wa manane. Sasa mbona usiachwe pale mwaka mzima, kila mtu akauone kwa nafasi yake?

Jibu limo kwenye hariri. Mchoro huu una urefu wa sentimita 528 na kimo cha sentimita 24.8 tu, na umechorwa juu ya hariri yenye umri wa karibu miaka 900. Mwanga huila hariri: nyuzi hugeuka manjano, hukauka, kisha hukatika, rangi nazo hupauka. Na kilichopauka hakirudi. Ndiyo maana si sahihi kusema mchoro "unapumzishwa" ukapata nafuu, kama mtu aliyechoka. Ghalani hauponi. Unabanwa tu matumizi, ili akiba iliyobaki ifike kwa wajukuu.

Akiba hiyo huhesabiwa kwa kuzidisha ukali wa mwanga kwa saa. Kwa hariri na karatasi, makumbusho hushikilia luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati chumba cha ofisi huwa na takribani 500. Luksi 50 kwa saa 8 kila siku, kwa siku 60, ni luksi-saa 24,000. Washa taa za luksi 150 ili wageni waone vizuri, na kiasi hicho hicho kitakwisha kwa siku 20. Kaure haina shida hiyo. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya pwani yetu, kama yale ya Mambrui na Kunduchi, yalikaa juani vizazi na vizazi, na vipande vilivyosalia bado vinang'aa. Hariri ya Zhang Zeduan ingewekwa pale isingefika mbali.

Adui wa pili ni kukunja na kukunjua. Mchoro wa aina hii hukunjwa kama mkeka, na nyuma ya hariri hubandikwa matabaka ya karatasi kwa gundi ya unga wa ngano. Hewa ikibadilika ghafla, hariri na karatasi hutanuka kwa viwango tofauti, ndipo mikunjo na nyufa huanza. Kwa hiyo unyevu wa hewa kabatini hushikiliwa karibu asilimia 50 hadi 60, bila kupandashuka. Mchoro mwingine wa Gugong, Qianli Jiangshan Tu wa mwaka 1113, wenye mandhari ya milima na mito, una hatari zaidi: buluu na kijani chake ni mawe yaliyosagwa na kupakwa kwa unene, na kila ukikunjuliwa chembe zinaweza kumeguka.

Hapo ndipo kazi ya kuwaita watu inapokuwa ngumu, maana unatangaza kitu ambacho huwezi kukianika. Na foleni yenyewe huziba mahali pamoja: darajani. Karibu na katikati ya mchoro kuna jahazi linalolisogelea daraja la upinde huku mlingoti haujalala bado. Mabaharia wanahangaika kuushusha, na juu watu wameinama kwenye kingo. Kila mgeni husimama hapo, na waliomfuata wanakwama. Mwaka 2017, Qianli Jiangshan Tu ulipoonyeshwa, Gugong waligawa namba za zamu, mtu aje saa yake. Kwa maoni yetu, hilo lilifaa kuliko kuongeza walinzi.

Njia nyingine ni kuuhuisha mchoro kwa mwanga. Maonyesho ya Dunia ya Shanghai ya 2010 yalikuwa na nakala ya kidijitali ya zaidi ya mita 100, ambamo watu walitembea na usiku uliingia. Mei 2018 Gugong nao wakafungua onyesho lao la namna hiyo. Nakala kama hizi hufaa zinapomwonyesha mgeni jambo moja la kwenda kulitafuta kwenye hariri yenyewe. Zikijaa mbwembwe za taa, mtu huondoka na picha za simu, mlingoti hakuuona.

Ukibahatika kufika, anza na picha kubwa iliyopo kwenye tovuti ya makumbusho, uikuze mpaka nyuso zionekane. Ukiingia ukumbini usikimbilie kioo. Simama dakika kumi macho yazoee giza, la sivyo utaona kitambaa cha kahawia tu. Zima mwanga wa simu. Anza kulia uende kushoto, kwani ndivyo ulivyokusudiwa kusomwa, kipande cha urefu wa mkono kwa kila hatua: mashamba, mto, jahazi, daraja. Kisha fika kwenye lango la mji, utazame msafara wa ngamia unaopita chini yake.