Kome wavamizi na mtandao wa chakula ziwani

Kiumbe mvamizi ni mnyama au mmea aliyeletwa pahala pasipo pake, akazaana kupita kiasi na kuwadhuru wenyeji. Hapa Unguja tunaye kunguru wa Kihindi, aliyeletwa miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Siku hizi anakula hata makinda ya ndege wengine. Kunguru tunamwona na kumsikia. Kome wa maziwani hufanya kazi yake chini ya maji.

Ni wadogo, wengi hawazidi kidole gumba. Wako wa namna mbili, kome pundamilia na kome kwaga, asili yao pande za Bahari Nyeusi na Kaspi. Walivuka Atlantiki ndani ya farumi, maji ambayo meli isiyo na shehena hujaza tumboni ili itulie. Pundamilia aligunduliwa mwaka 1988 katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, na mwaka uliofuata kwaga akaonekana Ziwa Erie. Watoto wao huelea kwa wiki kadhaa, kisha hujibandika kwa nyuzi kwenye jiwe, bomba, au juu ya kome mwenzao.

Mtandao wa chakula ni mpangilio wa nani anamla nani. Ziwani huanza na vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea na kuishi kwa jua. Vijidudu huvila vijimea, samaki wadogo huwala vijidudu, wakubwa huwala wadogo. Wavuvi wa dagaa wa Mangapwani hawahitaji kufundishwa hili: panapokosekana chakula kinachoelea, dagaa hawakai.

Kome mmoja huweza kuchuja hadi lita moja ya maji kwa siku. Wakitanda kwa maelfu katika kila mita ya mraba, chakula kilichokuwa kikielea hushushwa chini, na samaki wa maji ya kati hubaki na njaa. Maji nayo huwa maangavu mno. Watu wengi hudhani ziwa limepona, na hapo ndipo wanapodanganyika, kwa kuwa kilichoondoka ni riziki ya samaki. Jua likipenya hadi chini, magugu ya majini huota kwa wingi karibu na ufuo, kisha huoza.

Katika Ziwa Michigan, pande hizo hizo, vijikamba vya matopeni vilipungua vibaya baada ya kome kuenea, na samaki waliovitegemea wakakonda. Katika Ziwa Huron, mwaka 2003 na 2004, kisamaki aitwaye alewife, wa ukoo mmoja na samaki aitwaye simu, alikaribia kutoweka. Samoni waliomla nao wakaanguka. Haki isemwe: samoni hao wenyewe walikuwa wamemla mno.

Kuchuja maji peke yake si kosa. Chaza wanaookotwa na akina mama wa Fumba huchuja pia, ila wao wako kwao, pamoja na kaa, pweza na wengine wanaowapunguza. Kule ugenini kome walikuta walaji wachache. Ziwa Superior, jirani ya hayo, limesalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu maji yake yana chokaa kidogo, na gamba halijengeki bila chokaa.

Wakishaenea ziwa kubwa, hakuna njia inayojulikana ya kuwamaliza. Kilichobaki ni kuwazuia njiani. Mashua husafishwa na kukaushwa kabla ya kuhamishiwa ziwa jingine, na mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi, uliopitishwa mwaka 2004, umekuwa ukitumika tangu Septemba 2017.