Je, wajua kwa nini kifaru amesimama nyuma ya mifupa ya mwanadamu?

Miongoni mwa michoro ya kale ya anatomia ambayo watu huiweka kwenye fremu, kuna mmoja unaomsimamisha kila anayepita: mifupa ya mtu, ikiwa imebakiwa na misuli michache ya ndani kabisa, imesimama wima, na nyuma yake kifaru mnene. Anafanya nini hapo?

Mchoro huo umetoka katika kitabu cha Bernhard Siegfried Albinus, profesa wa anatomia huko Leiden, Uholanzi, kilichochapwa mwaka 1747. Aliyechora ni Jan Wandelaar. Mbele ya mifupa walitundika nyavu za nyuzi zenye miraba, na Wandelaar akahamisha alichokiona mraba kwa mraba hadi kwenye karatasi. Watu makini kiasi hicho hawakumweka mnyama kwa mchezo.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mchoro huo ulichapwa kwa bamba la shaba: bamba huchongwa mistari, wino ukajazwa humo, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa nguvu. Rangi ya kijivu haipo. Kivuli chote ni mistari iliyosongamana. Sasa mfupa ni mweupe na karatasi nayo ni nyeupe. Ukiuacha peke yake, upande unaopigwa na mwanga humezwa na karatasi na mviringo wake ukapotea. Albinus alieleza kwamba mandhari ya nyuma yaliwekwa ili kulinda mwanga na kivuli vya umbo la mbele. Tazama ngozi ya kifaru ilivyojaa mistari, uone jinsi mifupa inavyojitokeza mbele yake.

Mti au mwamba ungetosha kwa kazi hiyo, na michoro mingine ya kitabu hicho inayo. Ila kifaru alikuwa kioja cha zama zile. Clara, kifaru jike kutoka India, alifikishwa Uholanzi mwaka 1741 angali mdogo, akazungushwa Ulaya miaka mingi hadi alipofia London mwaka 1758. Kabla yake, Wazungu wengi walimjua kifaru kupitia mchoro wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, uliomvika ngozi kama deraya na kumbandika kipembe cha ziada mgongoni. Wandelaar alimchora aliye hai, na Albinus aliona mnyama adimu hivyo angependeza kuliko pambo lolote. Mwanaanatomia mwingine, Petrus Camper, hakuyapenda mandhari hayo. Mimi naona Albinus alikuwa sahihi.

Ukiuziwa mchoro wa aina hii, pitisha kidole pembezoni: bamba la shaba huacha mbonyeo kuzunguka picha. Kisha shika kioo cha kukuzia. Ukiona vinukta vidogo badala ya mistari safi, hiyo ni nakala ya kisasa. Usikate kingo ili itoshee fremu, maana utaondoa mbonyeo huo. Weka kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, kioo cha fremu kisiguse karatasi, na uutundike mbali na jua.