Hapana, Klorokwini Haikuondolewa ili Watu Wauze Dawa Mseto

Nimeletewa tena ile hoja, safari hii na mtu aliyesoma kabisa: "Klorokwini ilikuwa inaponya, wakubwa wakaitoa ili wauze mseto." Klorokwini ni ile dawa ya zamani ya malaria, na mseto ni dawa mbili za malaria zinazotolewa pamoja. Nimeisikia kwenye daladala, misibani na kwenye makundi ya WhatsApp, na siku zote nimetabasamu nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Kwanza, miaka yenyewe inaikataa. Tanzania Bara ilipoacha klorokwini mwaka 2001 haikwenda kwenye mseto. Ilikwenda SP (salfadoksini-pirimethamini), dawa nyingine ya malaria ya bei ya chini, tena wahusika wakijua ni ya kushikilia tu kwa muda. ALu, yaani mseto wenyewe (artemeta na lumefantrini), ilikuja mwishoni mwa 2006. Kama hiyo ni njama ya biashara, waliopanga ni wavivu ajabu. Kenya walikuwa wamehama tangu 1998, Malawi tangu 1993.

Sasa hilo la "ilikuwa inaponya", ambalo ndilo linanichosha. Klorokwini inashusha homa yenyewe, hata kama vimelea vya malaria vimebaki kwenye damu. Mtoto anamezeshwa jioni, kesho yake anacheza, mama anashukuru Mungu. Chukua slaidi ya damu yake: vimelea vipo. Wiki ya pili au ya tatu homa inarudi, na nyumbani wanasema kapata malaria nyingine. Nyingine ipi? Ni ileile, na muda wote huo damu inazidi kupungua. SP ilikuwa kinyume: enzi zake iliua vimelea vizuri lakini haishushi homa, hivyo watu wakaichukia wakasema serikali imeleta dawa mbovu. Yaani dawa iliyoshindwa ilipendwa, na iliyofanya kazi ikatukanwa.

Na wewe mtu mzima uliyekulia kwenye malaria una kinga ya kiasi fulani. Dawa dhaifu ikisaidiwa na kinga yako inaonekana shujaa. Ndiyo maana kwenye maeneo yenye malaria nyingi sisi watafiti tunapima ufanisi wa dawa kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ushuhuda wako, shemeji, tumeuacha nje kwa makusudi.

Kipimo chenyewe kinaenda hivi: mtoto anamezeshwa dawa mbele yetu, tunamfuatilia siku 28 (dawa nyingine 42), slaidi kwa ratiba. Vimelea vikirudi, PCR, kipimo cha vinasaba, inalinganisha vya siku ya kwanza na vya sasa. Vikiwa vilevile, dawa imeshindwa. Vikiwa vipya, mbu amemuuma tena. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini mtoto anayebeba aina kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja hutuachia mistari ya vinasaba kwenye jeli ya maabara ambayo watu wazima wenye shahada wanaibishania mpaka chai inapoa.

Halafu kuna ile asilimia. Zamani nchi zilisubiri dawa ishindwe kwa wagonjwa 25 kati ya 100 ndipo zibadilishe. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likashusha hadi 10. Hakuna kitu cha kibaiolojia kinachotokea kwenye 10. Ni makubaliano. Chukua kituo chenye watoto 88, saba wakashindwa: hiyo ni asilimia 8, ripoti itasema dawa bado inafaa. Ila kwa idadi ndogo namna hiyo, ukweli unaweza kuwa 3 au ukakaribia 16. Wizara inataka ndiyo au hapana, sisi tunapeleka namba yenye ukungu, na katikati kuna bajeti, maana ALu ilikuwa ghali mara nyingi kuliko SP. Kama unataka kuilaumu serikali, laumu hapo: swali la haki ni kwa nini nchi zetu zilichelewa kuachana na klorokwini. Sijawahi kumsikia mtu wa daladala akiliuliza.

Wajanja huniletea Malawi. Ni kweli: baada ya klorokwini kuachwa kabisa kule, vimelea sugu vilipungua, na utafiti wa Blantyre wa mwaka 2005 ukaonyesha imeponya watoto 79 kati ya 80, huku SP ikishindwa vibaya. "Basi irudisheni!" Irudishwe peke yake, usugu utarudi nayo. Ikiunganishwa na dawa nyingine je? Hapo hata sisi hatujakubaliana, na sitajifanya nina jibu. Ninachojua ni kwamba Rwanda, Uganda na huku kwetu Kagera vimeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya kijeni yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini, kundi la dawa ambalo mseto wetu unalitegemea, kwa hiyo mjadala huo si wa kupoteza muda.

Swali la mwisho, nalo huja kila mara: kama SP imeshindwa, mbona wajawazito wanapewa kliniki? Kwa sababu kule haitibu, inakinga. Mwanamke huyo ana kinga kiasi, dawa inakaa mwilini muda mrefu, na watoto huzaliwa na uzito bora hata mahali ambapo usugu ni mkubwa. Kwa nini hasa, tunabishana. Wengine wanadhani inaua na bakteria. Ukipewa vile vidonge vitatu, vimeze palepale mbele ya muuguzi. Isipokuwa kama unatumia kotrimoksazoli (Septrin): hapo mwambie kabla hajakupa, maana hizo mbili hazichanganywi.