Insafu shuleni: kwa nini kugawa sawa hakutoshi

Mpelekee fundi wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, watoto watatu, wa miaka sita, kumi na kumi na tano, umwambie awashonee kanzu za Idi za urefu mmoja. Zitatoka sawa kabisa: kitambaa kimoja, uzi mmoja, bei moja. Wa kati itamkaa vizuri. Mkubwa itamkomea magotini, na mdogo ataikanyaga toka mlangoni hadi uwanja wa sala. Hakuna aliyepunjwa kitambaa, lakini wawili hawana cha kuvaa.

Pengo hilo ndilo linalowachanganya watu kwenye vikao vya shule. Siku hizi utasikia usawa, utasikia haki sawia, utasikia uadilifu, na mara nyingine mambo mawili tofauti yanaitwa usawa yote, msikilizaji asijue lipi ni lipi. Mimi napenda neno walilokuwa nalo wazee wa Pwani: insafu. Usawa ni vitu visivyozidiana. Insafu ina mzizi mmoja na neno nusu huko kwenye Kiarabu lilikotoka, na maana yake ni kumpa mwenzio fungu lake, lile linalomstahiki. Mtu wa insafu ni yule asiyempunja mwenzake haki yake hata pale ambapo hakuna anayemtazama.

Tukilileta darasani, usawa huuliza kama kila mtoto amepewa kile kile. Insafu huuliza kama kila mtoto ameweza kusoma, na kama hakuweza, amezuiwa na nini.

Tazama feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi hata senti, na wanafunzi wanaosoma kisiwani huvuka hivyo kila asubuhi. Bure kwa wote, usawa umetimia. Sasa mweke mtoto wa kiti cha magurudumu kwenye ule mteremko wa kuingilia, saa kumi na mbili unusu, nyuma yake umati wenye haraka ya kazi. Feri ni ile ile na bei ni ile ile, ila yeye huenda akafika shuleni wenzake wakiwa kipindi cha pili. Anachohitaji ni mtu wa kumpitisha kabla ya msongamano, na mwalimu asiyemsimamisha mlangoni kwa kuchelewa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa karo. Mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Jambo kubwa lile, watoto wengi waliingia darasani kwa sababu yake. Lakini fedha zinazohesabiwa kwa vichwa hazijui kwamba shule moja ina bomba na nyingine hununua maji kwa mitungi ya mkokoteni. Mombasa hii ya shida ya maji, shule isiyo na maji haiwaumizi wote kwa kipimo kimoja. Mvulana atavumilia kiu. Msichana aliye katika siku zake atabaki nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana sodo bila malipo, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Hiyo ni insafu iliyoandikwa kwenye sheria, ingawa sodo bila maji ya kunawa ni nusu ya kazi.

Kuna kikwazo kingine ambacho huwa hakitajwi, labda kwa kuwa hakigharimu fedha: lugha. Mtoto wa Kibokoni aliyelelewa na bibi yake husema Kimvita, lahaja ya Mombasa: mato, mtele, kuteka. Akiyaandika hivyo kwenye insha anachorewa mstari mwekundu wa kosa, kwa sababu sanifu ni macho, mchele, kucheka. Kichekesho ni kwamba mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. Sisemi sanifu isifundishwe. Mtihani ni wa sanifu. Ila mwalimu anayesema "hiki ni Kimvita cha nyumbani, na hiki ndicho tutakachoandika kwenye karatasi" amemfundisha mtoto maneno mawili. Anayesema "umekosea" amemfundisha kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Kikwazo kama hicho mwalimu anayetoka mbali hawezi kukiona peke yake. Ndiyo maana jamii inaingia. Pwani tuna mfano wetu: miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu waliona watoto wao wanabaki nyuma wanapoingia shule ya msingi, wakaomba msaada kwa Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Shule za awali za madrasa zikaanzia hapa Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wa mwanzo. Akina mama wa mtaani walifunzwa ualimu, vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya karibu kama vifuu vya nazi, na mzazi hakulazimika kuchagua baina ya dini na elimu ya shule. Baadaye mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Aliyejua kizuizi kiko wapi alikuwa mzazi.

Watu huuliza: huu si upendeleo? Swali la haki, na wazazi hulitoa kwa uchungu, hasa basari zikigawanywa. Upendeleo ni kumpa mtoto wa jirani yako kwa kuwa ni wa jirani yako. Insafu huanza na kizuizi kinachoonekana, na mtoto yeyote mwenye kizuizi hicho hupata msaada huo huo. Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe, kifungu cha 27, inaitaka serikali ichukue hatua za kuwafidia walioachwa nyuma na ubaguzi wa zamani, na Pwani tunaujua ubaguzi huo: enzi ya mkoloni shule ziligawanywa za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila kundi na fungu lake. Kuwapa wote sawa leo hakulifuti deni hilo.

Sheria ile ya 2013 imeweka kwenye bodi ya usimamizi ya shule viti vya wazazi, na kiti cha mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalumu. Kiti kuwapo na kukaliwa ni mambo mawili. Kikao kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, atakuja nani? Baba wa bandarini yuko zamu. Mama wa Mtongwe anayeuza mahamri ndiyo kwanza anaosha karai. Wanaobaki ni wenye nafasi, na ndio watakaoamua watoto wa wasio na nafasi wanahitaji nini. Kuna shule ambazo vikao huitwa Jumamosi baada ya Alasiri. Hazikuongezewa hata shilingi moja kwa hilo, na wazazi huja wengi hadi viti havitoshi.