Je, wajua kwa nini Wademokrati wa Utah walikataa kusimamisha mgombea wa useneta mwaka 2022?

Aprili 2022, wajumbe wa chama cha Democratic katika jimbo la Utah, Marekani, walipiga kura kwamba chama chao kisisimamishe mtu kugombea useneta. Mwanachama aliyekuwa tayari alikuwapo: Kael Weston, aliyewahi kuwa mwanadiplomasia. Wakamweka kando, wakamuunga mkono Evan McMullin, mgombea huru aliyewahi kuwa ofisa wa CIA, tena aliyetokea Republican. Lengo lilikuwa kumng'oa Seneta Mike Lee wa Republican, aliyekuwa akitafuta muhula wa tatu.

Utah ni ngome ya Republican. Mdemokrati wa mwisho kushinda useneta huko ni Frank Moss, mwaka 1970. Mwaka 1976 aliangushwa na Orrin Hatch, aliyekaa madarakani miaka 42.

Katika ngome ya namna hii, seneta anayetetea kiti hana hofu kubwa na chama pinzani. Anaowahofia ni wenzake wa chamani. Wakenya wanalijua hili vizuri: palipo na chama kimoja chenye nguvu, ukishapata tiketi ni kama umeshinda. Muulize Bob Bennett alivyotoka. Mwaka 2010 alikuwa seneta wa mihula mitatu, lakini hakufika hata kwenye karatasi ya kura. Wajumbe wapatao 3,500 wa mkutano wa chama walimtupa nje, wengi wakiwa na hasira kwamba mwaka 2008 aliunga mkono fedha za serikali kuokoa mabenki. Jimbo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7. Kiti kikamwendea Lee.

Mwaka 2014 sheria ilibadilishwa, na mgombea akaruhusiwa kuingia kwenye mchujo kwa kukusanya saini za wapiga kura. Hivyo mwaka 2022 Lee alikabiliwa na wanawake wawili wa chama chake, Becky Edwards na Ally Isom. Alishinda kwa takriban asilimia 62, maana yake zaidi ya theluthi ya wapiga kura wa mchujo hawakumtaka.

Wademokrati walilenga kundi hilo. Mrepublican aliyemchoka Lee huenda asimpigie Mdemokrati hata siku moja, ila mgombea huru anaweza kumfikiria. Na McMullin alishapata zaidi ya asilimia 21 ya kura za Utah alipogombea urais mwaka 2016.

Lee alishinda, takriban asilimia 53 kwa 43. Lakini mwaka 2016 alikuwa amemwacha mpinzani wake wa Democratic kwa pointi kama 41. Safari hii zilikuwa 10 tu. McMullin alisema hatajiunga na upande wowote akifika Seneti, msimamo mgumu kuuza, kwa kuwa nafasi za kamati hugawanywa kupitia vyama. Hata hivyo naamini wajumbe wale waliamua sawasawa, maana waliwapa wananchi wa Utah uchaguzi wenye ushindani halisi mwezi Novemba.

Mwaka 2024, Mitt Romney alipokiacha kiti kingine cha jimbo hilo, Wademokrati walisimamisha mtu wao, Caroline Gleich. Alishindwa na John Curtis wa Republican kwa pointi kama 30.