Mti wa kahawa na mvua ambayo haijanyesha

Nafundisha falsafa ya sayansi hapa Moshi, na tukifika kwenye mada ya wakati hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, kesho bado haipo, sasa itasababishaje jambo la leo?" Haisababishi. Kinachofanya kazi leo ni modeli ya kesho, yaani picha yake ya ndani, ambayo mfumo tayari unayo.

Robert Rosen, mwanabiolojia wa nadharia wa Marekani, aliliweka hivi katika kitabu chake cha 1985: mfumo unaotarajia umebeba ndani yake modeli yake mwenyewe au ya mazingira yake, na hubadilika sasa kufuatana na kile modeli inachosema kuhusu baadaye. Boya la tangi la maji halimo. Maji yakishuka nalo hushuka, valvu ikafunguka, basi. Linajibu upungufu uliokwisha kutokea. Mama anayejaza ndoo zote jioni kwa kuwa kesho ni zamu ya mtaa wake kukatiwa maji, huyo anatarajia.

Wala si lazima uwe na ubongo. Panda Kibosho au Machame ukaangalie kahawa. Vichipukizi vya maua hutokea mapema, kisha hulala kiangazi chote. Ikipiga mvua moja ya maana vinaamka, na baada ya siku kama 10 shamba limekuwa jeupe, linanukia kama asmini. Sasa piga hesabu: arabika, aina ya kahawa inayolimwa huku, huchukua miezi 7 hadi 9 kutoka ua mpaka tunda kuiva. Mvua moja haiwezi kulea tunda miezi yote hiyo. Mti umechanua kwa kutegemea mvua ambazo hazijanyesha.

Aliufundisha nani? Vizazi vilivyotangulia: miti iliyochanua wakati mbaya haikuacha mbegu za kutosha. Na hapa pana jambo ninalolipenda: darasa lenyewe halikuwa Kilimanjaro. Asili ya arabika ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia; huku ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mti unabashiri masika yetu kwa uzoefu wa kwingine, na kwa kawaida unapatia, kwa sababu huku nako kiangazi hufuatwa na mvua.

Rosen anaizungumzia modeli kama kijitabu kilichofungiwa kwenye droo ya mfumo. Ndiyo maana bado namhitaji Alfred North Whitehead, mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa mihadhara Edinburgh katika mwaka wa masomo wa 1927–28, kisha akachapisha kitabu chake kikuu mwaka 1929. Kwake, ulimwengu ni matukio kabla ya kuwa vitu. Kila tukio hupokea yaliyotangulia, huyapa umbo jipya, kisha hupita na kuwa malighafi ya linalofuata. Kwa mtazamo huo hakuna droo. Mti ni ile historia yenyewe ikiwa bado inaendelea, na kutarajia ni namna yake ya kuendelea. (Anaposema hata elektroni ina chembe ya hisia, hapo mimi nashuka njiani.)

Shida inakuja mvua ikidanganya. Inanyesha siku mbili Januari, maua yanafunguka, halafu linafuata jua kali. Mkulima mwenye zamu kwenye mfongo, mfereji wa jadi wa umwagiliaji, ataelekeza maji shambani msimu huohuo. Mti hauna la kufanya; modeli yake hurekebishwa kwa vizazi tu. Bakteria wa utumbo, E. koli, nao wako hivyo: wakihisi joto la mdomoni hujiandaa kwa upungufu wa oksijeni ulioko mbele, tumboni. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 waliwalea mahali ambapo joto na oksijeni havikufuatana tena kama walivyozoea, na mazoea hayo yakaanza kufifia kabla ya vizazi 100. Kwa bakteria, vizazi hivyo ni siku chache. Mti wa kahawa huchukua miaka 3 au 4 kabla ya mavuno ya kwanza, kwa hiyo vizazi 10 tu ni miaka 30 na zaidi, na mvua za huku mlimani zinabadilika upesi kuliko hapo.